Faili Limejifuta Lenyewe

Kwenye steshenari yetu hakuna mtu aliyewahi kufuta faili. Mafaili hujifuta yenyewe. Barua ya mteja iliyokuwapo jana jioni, leo asubuhi haipo, na ukiuliza, kila mmoja anatazama dari. Dada Mchapaji atasema kompyuta imelimeza. Kijana wa fotokopi atasema jana umeme ulikuwa unachezacheza. Mlinzi, ambaye hajagusa kipanya tangu azaliwe, atasema yeye usiku alisikia mashine inalia, ila hakutaka kuingilia.

Tena afadhali yanayopotea. Yanayobadilika ndiyo balaa. Mteja anakuja kuchukua barua ya kuomba kazi, anakuta aya ya mwisho inawapa pole wafiwa. CV ya fundi umeme inaamka na cheti cha uuguzi. Chanzo kinajulikana: kompyuta ni tatu, folda ni moja. Inaitwa KAZI, inakaa kwenye mashine ya chumba cha nyuma, na zile mbili za mbele zinaifikia kwa waya wa mtandao wa ndani. Humo utakuta "barua", "barua mpya", "barua mpya 2", "FINAL", "FINAL kweli" na "FINAL USIGUSE". Hili la mwisho ndilo linaloguswa na kila mtu, maana binadamu ukimwambia usiguse, umeshamwonyesha pa kuanzia.

Tungeendelea kuishi hivyo kwa amani kama si kamati ya harusi.

Anayezijua kamati za harusi za mjini hahitaji maelezo. Asiyezijua aelewe hivi: harusi ya Dar es Salaam hufungwa na jedwali kwanza, shehe au padri anakuja baadaye. Kuna safu ya jina, safu ya ahadi, safu ya taslimu na safu ya baki. Chini yake kuna ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC na gari la maharusi. Kila kikao jedwali linachapwa upya, linatolewa kopi, linagawiwa, na watu wazima wenye heshima zao wanakaa kusomeana madeni. Jedwali la kamati hii lilikuwa kwetu, ndani ya KAZI, na kesho yake baada ya kikao Mwenyekiti alitua dukani kabla hatujamaliza kufungua makufuli. Ahadi ya baba mdogo wa bwana harusi, iliyotangazwa mbele za watu kwa vigelegele kuwa laki tano, kwenye karatasi ilisomeka laki tatu.

"Nani kashika hili faili?"

Dada Mchapaji akatazama dari.

Nina mpwa anayesoma kompyuta chuoni, na likizo hutusaidia dukani. Ndiye aliyetuondolea virusi vya flashi, vile vilivyogeuza kila folda ya mteja kuwa njia ya mkato isiyofika popote. Alifutilia mbali mfumo wa zamani akatuwekea Linux. Tangu hapo hakuna tatizo dukani, hata la choo, asilolitolea ushauri.

"Anko," akaniambia, "hapa panatakiwa skripti."

Nikamwambia laki mbili za watu haziwezi kuniingiza kwenye gharama. Akanijibu kwa hadithi. Mwaka 1986, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley kule California, mwanafalaki mmoja, Clifford Stoll, aliambiwa atafute kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta hazilingani. Zilipishana kwa senti 75. Mwenzetu hakuzipuuza. Akaunganisha mashine za kuchapa kwenye laini, zikawa zinaandika kila herufi anayobonyeza mgeni asiyealikwa, akamfuatilia miezi na miezi, hadi akamkuta Ujerumani, mjini Hannover, akiuza siri kwa KGB. Mwaka 1989 akaandika na kitabu.

"Senti sabini na tano, anko. Wewe una laki mbili."

Mtu akikupigia hesabu namna hiyo, unabaki kuuliza tu itachukua muda gani.

Skripti ni maagizo yanayoandikwa mstari kwa mstari, kompyuta iyatekeleze bila kuchoka wala kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Hii ingekuwa na kazi moja: kukaa mlangoni mwa KAZI na kuandika kila kinachoingia, kinachotoka na kinachobadilika. Zipo njia mbili za kufanya hivyo. Moja ni kuipitia folda nzima kila baada ya dakika kadhaa na kulinganisha tarehe za mafaili na zile ulizoziona mwanzo. Hii ni kazi ya askari wa doria. Kitakachozaliwa na kufa wakati yuko upande wa pili hatakiona kamwe, na folda ikiwa kubwa mashine inabaki kuhema. Njia ya pili ni kutopiga doria kabisa. Linux, tangu toleo la 2.6.13 lililotoka Agosti 2005, ina kitu kinaitwa inotify ndani ya kiini chake. Unakiambia, "folda hii ikiguswa nishtue," kisha unajikalia. Kwa kuwa hakuna faili la kwenye diski linaloandikwa bila kupitia kwa kiini, ni machache yanayoipita inotify. Windows ina ya kwake, Mac ina ya kwake. Sisi tukachukua hiyo ya Linux, pamoja na programu ndogo ya inotifywait ya kuisikilizia. Skripti yote haikujaza ukurasa mmoja, na sehemu ndefu zaidi ilikuwa ile ya kugeuza taarifa kuwa Kiswahili, ili mwenye duka asome bila mkalimani.

Kijana wa fotokopi aliposikia kwamba kuna kitu kitakuwa kinaandika kila hatua, alikipa jina papo hapo: Balozi. Jina likakaa. Wa rika langu wanamkumbuka balozi wa nyumba kumi. Ukipokea mgeni anajua, ukinunua kitanda anajua, ukigombana na mkeo anafika kabla hujamaliza sentensi.

Balozi wetu alianza kazi kwa kunyamaza. Asubuhi nzima watu walichapa, walihifadhi, walifuta, na daftari lake likabaki jeupe. Dada Mchapaji alifurahi sana. Alisema ameona viongozi wengi lakini huyu ndiye wa kwanza asiye na makuu. Kumbe mpwa alikuwa ameiwasha skripti kwenye kompyuta ya mbele, iliyo karibu na feni. inotify husikia yale yaliyofanywa na kiini cha mashine yake tu. Folda inayoonekana kwako lakini inaishi kwenye mashine nyingine, yanayofanywa na wengine huko hayakufikii. Balozi alikuwa amepangiwa Mbagala, nyumba zake kumi ziko Tegeta.

Akahamishiwa chumba cha nyuma, na huko akafunguka. Akafunguka kupita kiasi. Mpwa alikuwa ameagiza kumbukumbu ziandikwe kwenye faili liitwalo balozi.txt, na ili lisipotee, akaliweka ndani ya KAZI. Balozi akaona badiliko la kwanza, akaliandika. Kwa kuandika, akawa amelibadilisha balozi.txt. Akaona balozi.txt limebadilika, akaandika kwamba balozi.txt limebadilika. Kwa hiyo likawa limebadilika. Wakati wa chai ya saa nne faili lile lilikuwa zito kuliko picha zote za pasipoti tulizowahi kupiga, diski inalalamika imejaa, printa imegoma, na mwanafunzi aliyekuja kuprinti tasnifu amekaa kwenye benchi ameshika kichwa. Tukalifungua kuona ni siri gani nzito kiasi hicho. Kila mstari ulisema jambo moja: balozi.txt limebadilishwa. Alikuwa amejisengenya mwenyewe tangu asubuhi.

Mpwa akalihamishia nje ya folda, akasema sasa tuko sawa. Tukawa sawa kwa maana ya kwamba taarifa zikawa za kweli. Kuzielewa likawa jambo jingine. Hizi hapa ni za mtu mmoja aliyefungua jedwali la harusi, akasahihisha jina moja, akafunga:

09:12:03 LIMEZALIWA .~lock.Harusi.ods#
09:15:41 LIMEBADILISHWA Harusi.ods
09:15:41 LIMEBADILISHWA Harusi.ods
09:15:41 LIMEBADILISHWA Harusi.ods
09:15:41 LIMEFUNGWA Harusi.ods
09:15:58 LIMEKUFA .~lock.Harusi.ods#

Mwenyekiti alipoonyeshwa, alitaka kujua nani amekufa. Ilibidi mpwa amkalishe chini. Ukifungua faili kwa LibreOffice, programu inaweka pembeni kijifaili cha kufuli, kuwaonya wengine kwamba lina mtu. Jina lake linaanza na nukta, ndiyo maana huwa hukioni. Ukifunga, kufuli linafutwa. Na ukihifadhi mara moja, programu haiandiki mara moja. Inaandika kwa mafungu, na kila fungu Balozi analihesabu kuwa ni tukio. Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba yeye alikuja kuulizia laki mbili.

Halafu kikaja kisa cha 4913. Jioni moja Balozi aliandika kwamba faili liitwalo 4913 limezaliwa na kufa ndani ya sekunde ileile. Baadaye kidogo likazaliwa tena, likafa tena. Halikuwa la mteja yeyote. Dada Mchapaji akasema virusi vimerudi. Kijana wa fotokopi akaichukua namba akaenda kuichezea bahati nasibu. Mimi nilibadilisha namba ya siri ya simu yangu, ingawa haikuwa hiyo, kwa tahadhari tu. Mlinzi akashauri aitwe mtu wa dua. Mpwa aliporudi kutoka kunywa kahawa, tulimsimulia kwa kupokezana, akacheka hadi akakaa. Yeye huandika kwa programu iitwayo Vim, na Vim kabla ya kuhifadhi hujaribu kwanza kama inaruhusiwa kuandika kwenye folda: inaunda faili la jina 4913, ikifanikiwa inalifuta. Kama kwa bahati mbaya jina hilo lipo tayari, inaongeza 123 na kujaribu tena. Alikuwa anahariri maelezo ya matumizi ya Balozi, mle mle ndani ya KAZI. Mchawi tuliyekuwa tunamtafuta alikuwa ndiye aliyetuwekea mlinzi. Kijana wa fotokopi hakushinda chochote, na lawama zote amezielekeza kwa Vim.

Baada ya hapo Balozi akawa mzoefu, nasi tukawa wazoefu wa Balozi, na hilo ndilo lililomharibia kazi. Dada Mchapaji akaacha kutumia KAZI. Akawa anachapa kila kitu kwenye flashi yake, ikining'inia shingoni na kamba ya kitambulisho. Kijana wa fotokopi akahamia kwenye kioo cha mbele, akajaza vijipicha hadi mandhari ya bahari yakafunikwa. Ripoti za Balozi zikawa za kupendeza: siku nzima kimya, folda tulivu, hakuna tukio. Mafaili nayo yakaendelea kujifuta, ila sasa yakijifutia uhamishoni. Nikalazimika kutangaza kwamba kazi isiyo ndani ya KAZI haina posho ya chai. Shughuli zikarudi kabla maji hayajachemka.

Likabaki suala la umeme. Ukikatika, Balozi analala, na ukirudi haambiwi yaliyotokea kabla hajaamka. Inotify haina mkanda wa kurudisha nyuma. Mpwa akaja na dawa ya zamani kuliko yeye. Mwaka 1992, Gene Kim na Gene Spafford wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitengeneza programu ya Tripwire, inayochukua alama ya kila faili na kuja kulinganisha baadaye. Siku hizi wengi wanatumia SHA-256: faili linapitishwa kwenye hesabu, linatoka na mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ongeza mkato mmoja tu kwenye barua ya kurasa mia, mfuatano wote unageuka. Balozi akawa anachukua alama za kila faili jioni, na kila akiamka analinganisha. Faida ya kwanza ilionekana siku hiyohiyo. "FINAL" na "FINAL kweli", ambayo Dada Mchapaji na kijana wa fotokopi walikuwa wanayagombania tangu mwaka jana kila mmoja akidai lake ndilo sahihi, yalitoa alama ileile, tarakimu kwa tarakimu. Hawakupeana mikono.

Mpwa aliongeza jambo moja zaidi, nalo ndilo lililokuja kutuvusha: kila faili likimaliza kuandikwa, Balozi analitolea nakala na kuiweka kando. Na siku moja, Jumatano, wavu ukanasa. Saa 17:52, yaani saa kumi na mbili kasoro ya jioni, Harusi.ods lilibadilishwa. Tukalinganisha nakala ya kabla na ya baada. Kisanduku kimoja tu ndicho kilichogeuka. Ahadi ya Baba Mdogo ilikuwa laki tatu, sasa ni elfu hamsini.

Mwenyekiti aliitwa kwa simu, akaja na Mweka Hazina na shahidi. Wakaonyeshwa saa, dakika na sekunde. Wakaonyeshwa kisanduku. Wakapongeza sana teknolojia. Kisha Mwenyekiti akauliza swali lile aliloanza nalo: nani?

Hapo chumba kikapoa. inotify inasema nini kimefanyika na lini. Nani kafanya, haisemi, haikuundwa hivyo. Ipo ndugu yake, fanotify, inayotoa namba ya programu iliyohusika, lakini kwetu programu hiyo ingekuwa ile ya chumba cha nyuma inayowahudumia wote wa mbele kwa mkono mmoja. Mpwa akakumbuka kile kijifaili cha kufuli, ambacho ndani yake huandikwa jina la aliyefungua. Nakala ilikuwapo. Akaifungua, sote tumemzunguka, Mweka Hazina amevaa na miwani. Jina la mtuhumiwa lilikuwa "Steshenari". Siku ya kuweka Linux alikuwa amesajili kompyuta zote kwa jina moja ili amalize mapema.

Kwenye kaunta yetu kuna daftari, kaunta buku la kawaida lenye jalada gumu, ambamo huandikwa kila kazi iliyoingiza pesa. Halijawahi kupata virusi. Mlinzi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, akauliza kama Jumatano jioni hakuna kazi iliyoandikwa. Nikalifungua. Katikati ya kopi 12 kwa shilingi 1,200 na laminesheni moja, kwa mwandiko mzuri wa Dada Mchapaji, palikuwa na mstari: "Marekebisho jedwali la harusi, 500/=. Baba Mdogo."

"Si mzee alikuja mwenyewe?" akasema Dada Mchapaji, bila wasiwasi wowote. "Akanisalimia vizuri, akasema kuna sifuri imezidi, mwanangu nirekebishie. Mteja kasema rekebisha, nimerekebisha, kalipa, nimeandika."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Mliuliza nani kashika faili, mkauliza nani kafuta faili. Kurekebisha hakuna aliyeuliza."

Tukarudi kurasa za nyuma hadi ile wiki ya kwanza. Mstari mwingine, bei ileile, mteja yuleyule. Kwa shilingi elfu moja mzee alikuwa amejipunguzia laki nne na nusu, na risiti alipewa.

Sikumtimua Balozi kwa hilo. Anafanya kazi aliyoajiriwa, na zile nakala zake zimeshaokoa tasnifu na zaidi ya barua moja ya posa. Faili likijifuta siku hizi, tunajua limejifuta saa ngapi, na tunalo jingine. Ila nimeacha kumuuliza ya watu. Kompyuta inajua kisanduku kimegeuka; haijui kwamba aliyekigeuza alianza kwa kusema "hujambo mwanangu". Hilo analijua aliyekuwa kaunta, na ukitaka akuambie, uliza vizuri.

Kamati ilirudisha laki tano kwenye jedwali, ikaiandika na kwa wino, na Baba Mdogo akakubali mbele ya kikao kwamba tatizo lilikuwa sifuri. Wiki iliyofuata alikuja dukani mwenyewe, safi, amepiga kanzu. Nilidhani amekuja kulalamika. Akauliza kama ni kweli kile kitu kinaandika kila badiliko la jedwali, hata la zamani. Nikamwambia ni kweli. Akasema ana maslahi kwenye safu ya vinywaji, maana kila kikao inapanda na hakuna anayekumbuka kuipandisha, na angependa kujua inapanda saa ngapi.

Mpwa akaanza kuteremka na orodha. Mimi nikavuta kaunta buku. Mwenyekiti, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri kopi za kikao, akasimama akasema hana haraka nazo, atazifuata kesho.